Mkanda wa Harusi Umo Kwenye Seva, Shangazi Bado Hajauona

Mkanda wa harusi ya wazazi wangu ulikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na mikanda mingine kumi. Ni VHS ya mwaka 1995, ulipigwa Tanga, na ubavuni una jina la mpiga video kwa wino uliofifia. Nilinunua deki ya mtumba Kariakoo, nikaiunganisha na kompyuta, nikaanza kuihamisha mikanda mmoja mmoja. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu unataka saa tatu, nawe ukae karibu, kwa sababu ukiliwa na deki hakuna mwingine duniani.

Video niliiweka kwenye kompyuta mpakato kuukuu iliyo kona ya sebule, ambayo nimeigeuza kuwa seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine. Jioni ile baba na mama waliwasha TV wakaitazama. Mama alipomwona marehemu bibi akicheza, alishika mdomo, akanyamaza muda mrefu. Usiku huohuo nikatuma linki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wapo shangazi Tanga, mama mdogo Muscat, kaka Minneapolis, na wengine wengi. Nilidhani kazi imekwisha.

Siku ya pili shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo harusi mbona haifunguki? Nabonyeza, inazunguka tu."

Makala hii inaeleza kwa nini ilikuwa inazunguka. Jibu lina mafundo kadhaa yaliyosokotana, na anayejaribu kufungua moja bila kujua mengine huishia kumlaumu shangazi kwamba hajui simu. Shangazi anaijua simu yake vizuri. Anatuma pesa, ananunua umeme, anasikiliza mawaidha na kuongea na mabinti zake kwa video. Kilichomshinda ni kile nilichomtaka afanye mimi.

Kwanza, kwa nini mtu aweke seva nyumbani wakati huduma zimejaa? Sababu yangu ilianza tarehe 1 Juni 2021, Google Photos ilipoacha kuhifadhi picha bila kikomo bure. Tangu siku hiyo, picha za familia zikizidi nafasi ya bure zina kodi. WhatsApp nayo kwa kawaida hubana picha zinazopita, hata sura ya mtu aliyesimama nyuma inakuwa doa. Wakati huohuo programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zilikuwa zinakomaa. Jellyfin, ya kutazama video, ilizaliwa Desemba 2018 baada ya programu mama yake, Emby, kufunga msimbo wake. Immich, ya picha, ilianza 2022. Zote mbili ni za bure, na ukizisakinisha kwenye kompyuta yako mafaili yanabaki kwako. Ndani ya nyumba zinafanya kazi vizuri mno. Hapo ndipo mtu anapopotoka, maana sebuleni TV na seva zimeunganishwa na ruta moja, zinaonana kama majirani wa ukuta mmoja. Shangazi yuko Tanga.

Fundo la kwanza ni anwani. Simu ya shangazi itajuaje nyumba yetu ilipo kwenye intaneti?

Anwani za IP za mtindo wa zamani, ziitwazo IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC, yenye makao Mauritius na ndiyo inayogawa anwani kwa Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kugawa masalio Januari 2020. Kwa hiyo kampuni nyingi za simu na intaneti hazimpi kila mteja anwani yake. Zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Nani hakumbuki Sanduku la Posta la shule? Wanafunzi mia tano, S.L.P. moja. Ukiandika barua kwenda nyumbani inafika bila shida, na jibu likija lina jina lako juu, mwalimu wa zamu anakukabidhi. Lakini mtu asiyekufahamu akiandika bahasha yenye S.L.P. peke yake, bila jina, barua inafika ofisini na kulala hapo. Mtandao wa namna hii unafanya vivyo hivyo. Wewe ukianza kuomba ukurasa, majibu yanakurudia kwa sababu kuna kumbukumbu ya nani aliomba nini. Mtu wa nje akibisha hodi bila kuitwa, mtambo wa kampuni haujui ampeleke kwa mteja yupi, unamwacha mlangoni. Kwa shangazi hilo linaonekana kama duara linalozunguka.

Unaweza kujipima kwa dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa namba yake ya kwanza kabla ya nukta ni 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya S.L.P. ya pamoja. Lile kundi la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo mahsusi. Ukiwa huko, maelekezo yote ya "fungua poti kwenye ruta" utakayoyakuta mtandaoni hayatakusaidia, kwa sababu mlango uliofungwa hauko kwenye ruta yako. Uko kwenye mtambo wa kampuni. Mimi nilipoteza wikendi mbili kabla ya kulielewa hili.

Njia za kutoka zipo, na kila moja inamtwika mzigo mtu fulani. Unaweza kuiomba kampuni anwani ya umma. Wengine wanakubali kwa malipo ya ziada, wengine wanawapa wateja wa biashara tu. Unaweza kutumia Plex, programu ya kutazama video kama Jellyfin, ambayo inatunza kitabu cha anwani kwa niaba yako: mtazamaji anaingia kwenye akaunti ya Plex, nayo inamuunganisha na seva yako, na ikishindikana inapitisha video kwenye mitambo yake kwa kasi ndogo. Ni rahisi kweli. Ila kampuni imekaa katikati, na wa katikati ndiye anayepanga bei. Tangu 29 Aprili 2025, kutazama video zako mwenyewe ukiwa mbali na nyumbani kupitia Plex kunahitaji usajili wa kulipia, ama wa mwenye seva ama wa mtazamaji. Tena mara mbili, Agosti 2022 na Septemba 2025, kampuni hiyo iliwataka watumiaji wabadili nywila baada ya wavamizi kuingia kwenye hifadhidata yake. Sitaki kumpigia shangazi simu kumwambia abadili nywila ya kitu ambacho hajui kwa nini anacho.

Njia ya tatu ndiyo inayosifiwa zaidi na mafundi: VPN binafsi, yaani njia ya siri inayounganisha vifaa vyako kupitia intaneti, kama Tailscale, iliyojengwa juu ya teknolojia huria ya WireGuard. Unaweka programu kwenye seva na kwenye simu, vifaa vinatafutana vyenyewe hata vikiwa nyuma ya S.L.P. za pamoja, na hakuna mlango unaoachwa wazi kwa umma. Kwa matumizi yangu mwenyewe siibadilishi na kitu. Lakini fuatisha safari ya shangazi. Apakue programu. Afungue akaunti. Akubali onyo la simu kwamba programu hii itaona mtandao wake wote. Akumbuke kuiwasha kabla ya kutazama. Na hata akifaulu vyote, kwa mpangilio wa kawaida ufunguo wa kifaa huisha baada ya siku 180, kwa hiyo miezi sita baadaye harusi inatoweka tena bila maelezo hadi aingie upya. Mwenye mtandao anaweza kuuzima ukomo huo, ila lazima ajue upo. Kwenye TV nyingi za Samsung na LG programu hiyo haipatikani kabisa.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria pia. Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya agizo hilo, lakini kumwambia shangazi wa miaka sitini na tano aweke VPN kwenye simu bila kumweleza hayo ni kumwingiza kwenye jambo asilolichagua. Huko Ghuba nako kila nchi ina masharti yake kuhusu VPN, kwa hiyo mama mdogo wa Muscat sikumgusa kabisa kwa njia hiyo.

Nilichofanya mwishowe ni kukodi seva ndogo nje, yenye anwani ya umma, kwa malipo ya kila mwezi, na kuiunganisha na kompyuta ya nyumbani kwa WireGuard. VPN iko upande wangu, usajili wake ni mzigo wangu. Nikanunua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kwa maneno, na cheti cha usalama, kinachoiwezesha simu kuiamini tovuti, kinatoka shirika la Let's Encrypt bila malipo na kujihuisha chenyewe. Shangazi anaona jina fupi linalofunguka kama tovuti yoyote. Wapo wanaotumia handaki la Cloudflare, kampuni inayopitisha tovuti za watu kwenye mitambo yake, kupata matokeo yaleyale bila kukodi kitu, nami nililijaribu. Kwenye huduma yake ya bure mtu hawezi kupakia faili linalozidi MB 100 kwa mkupuo, na masharti yake yanabana upitishaji wa video kwa wingi. Kwa picha linatosha. Kwa harusi ya saa tatu lingenitia wasiwasi kila siku.

Uamuzi wangu una kasoro moja ambayo ramani inaionyesha vizuri. Seva niliyokodi iko Ujerumani. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350 kwa barabara, lakini video ya shangazi inatoka Dar, inapita chini ya bahari hadi Ulaya, kisha inarudi njia ileile mpaka Tanga. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi nyingi jirani. Siku kama hiyo, watu wawili walio nchi moja wanashindwa kuonana kwa sababu barabara yao inapitia bara lingine. Sebuleni kwetu tungeendelea kutazama.

Fundo la pili ni mlango wenyewe, na hili ndilo lililonifundisha zaidi.

Jellyfin inataka kila mtazamaji awe na akaunti. Nikamtengenezea shangazi jina na nywila, nikamtumia. Akaandika herufi kubwa mahali pa ndogo kwenye nywila, ikakataa. Nikasema nimtumie nywila mpya kwa barua pepe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba shangazi ana barua pepe lakini hajawahi kuiona. Ilifunguliwa na kijana wa duka aliyemuuzia simu, kwa nywila aliyoijua kijana, na duka lilishahama. Hali hii si ya shangazi peke yake. Ulizia nyumbani kwenu, utakuta nusu ya wazee simu zao zina akaunti zilizofunguliwa dukani. Mfumo wowote unaodhani kwamba kila mtu ana barua pepe anayoifungua utawaacha hao nje.

Kwenye TV shida inazidi, maana kuandika nywila kwa rimoti ni adhabu. Jellyfin ina njia nzuri hapa: TV inaonyesha tarakimu sita, na mtu ambaye tayari ameingia kwenye akaunti hiyo, kwa simu au kompyuta, anaziandika na kuidhinisha. Shangazi alinisomea namba kwa simu, nami nikiwa Dar nimeingia kwa akaunti yake nikaidhinisha. Tangu hapo TV yake inakumbuka. Kama ningeijua njia hii mwanzo, nisingemsumbua kwa wiki nzima.

Immich nayo inaweza kutoa linki ya albamu inayofunguka kwenye kivinjari bila akaunti yoyote. Unabonyeza, unaona. Nilipoitumia kwa mara ya kwanza, watu waliokuwa kimya kwenye kundi walianza kujibu ndani ya saa moja. Kaka aliandika kutoka Minneapolis kwamba ameona picha ya babu akiwa na baiskeli, picha ambayo hakujua ipo. Nilifurahi sana. Kisha mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, hiyo linki anaweza kuifungua nani?"

"Yeyote aliyenayo, mama."

"Na ule mkanda wa pili umo?"

Mkanda wa pili ni wa ukumbi wa wanawake. Anayejua harusi za pwani anaelewa bila kuelezwa. Mle ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, watu wazima wanacheza kwa namna ambayo hawachezi mbele ya wanaume wasio maharimu. Walikubali kupigwa video mwaka 1995 kwa sababu mkanda ulikuwa kitu kimoja, uliokaa ndani ya sanduku la mtu mmoja, na kuutazama kulihitaji kukaa sebuleni kwake. Ulinzi wake ulikuwa uzito wake. Mimi nikauhamisha kwenye linki ambayo mtoto wa mtu anaweza kuisambaza kwenye makundi matano kabla ya chai kupoa. Kwenye kundi letu kuna watu zaidi ya hamsini, na simu nyingi humo zinashikwa na wajukuu.

Niliifuta linki usiku ule. Baadaye nikajifunza kuiwekea nywila, tarehe ya mwisho, kuzuia upakuaji, na kuficha taarifa za ndani ya picha, maana picha za simu nyingi hubeba mahali zilipopigiwa, hadi nyumba yenyewe. Lakini hakuna kitufe kinachojua tofauti kati ya shangazi na mtu aliyetumiwa linki na mtoto wa shangazi. Kila nilipoulegeza mlango ili mzee apite kwa urahisi, niliulegeza kwa wote. Kila nilipoukaza, wa kwanza kubaki nje alikuwa mzee, kwa kuwa kijana mtundu hashindwi na nywila. Sijaona programu iliyolitatua hili, na nadhani halitatuliwi na programu. Linatatuliwa kwa kuamua, kitu kimoja kimoja, nani akione, na kwa kuwauliza waliomo ndani yake. Nilipaswa kuwauliza wale wanawake kabla sijaugusa mkanda ule.

Kuhusu filamu na tamthilia za watu nitasema kwa ufupi. Ninachowashirikisha ndugu ni mali ya familia. Ukianza kuwafungulia watu wa nyumba ishirini filamu ulizonunua au kunakili, umeingia kwenye sheria ya hakimiliki, na udugu si leseni.

Fundo la tatu liko ndani ya video yenyewe. Mlango umefunguka, shangazi ameingia, amebonyeza, anasikia sauti bila picha. Au picha inakwama kila sekunde kumi. Video huwa imefungashwa kwa lugha fulani ya kubana picha, na kila kifaa kinafahamu baadhi ya lugha hizo tu. H.264, ya mwaka 2003, inaeleweka karibu kila mahali. H.265, ya 2013, inabana vizuri zaidi, na simu za iPhone zinaitumia tangu 2017, lakini TV nyingi za zamani na baadhi ya vivinjari haviielewi. Seva ikikuta kifaa kisichoelewa, inaanza kutafsiri video papo hapo huku mtu akitazama. Kutafsiri ni kazi nzito. Mpakato wangu ulinguruma kama feni ya Desemba, na watu wawili walipotazama pamoja ukazidiwa.

Vichakato vya Intel vya tangu 2011 vingi vina sehemu maalumu ya kazi hiyo, na Jellyfin inaweza kuitumia ukiiwezesha. Ila dawa niliyoipenda ni ya jikoni: pika kabla wageni hawajafika. Kila video ya familia naigeuza mapema kuwa H.264 ndani ya faili la MP4, mara moja, usiku. Baada ya hapo seva inagawa tu, haitafsiri chochote. Lile tatizo la sauti bila picha liliondoka lote.

Na kwa kufanya hivyo nikagusa fundo la nne, ambalo kwa watu wa kwetu ni kubwa kuliko mafundi wa Ulaya wanavyolifikiria: bando. Video ya megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa. Harusi yote ya saa tatu ni GB 10.8. Kwa kaka Minneapolis mwenye intaneti ya nyumbani hiyo si habari. Kwa shangazi anayenunua bando la wiki, nilikuwa namwambia amalize bando na bado asione bibi harusi akiingia. Hakunieleza hivyo, kwa heshima. Alisema tu kwamba atatazama siku nyingine. Wazee wetu wengi hawatakwambia kwamba zawadi yako inawagharimu, kwa hiyo ni juu yako kupiga hesabu.

VHS haina picha kali ya kuhitaji megabiti 8. Kwa megabiti 1.5 kwa sekunde mkanda ule unaonekana sawasawa na ulivyoonekana 1995, na saa moja inakuwa MB 675. Harusi nzima ni kama GB 2. Naweka toleo hilo dogo kama la kawaida, na toleo kubwa nalitunza kama nakala ya kudumu. Upande wa pili pia ukumbuke: watazamaji wanapakua, lakini nyumba yako inapakia, na intaneti ya simu kwa kawaida ina kasi ndogo ya kupakia. Ndugu wanne wakitazama Ijumaa usiku, ni kasi yako ya kupakia wanayogawana.

Halafu nikafikiria jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho muda wote. TV ya shangazi ina tundu la USB. Anajua kulitumia, maana wajukuu huenda kuingiziwa tamthilia kwenye flashi na kuzichomeka. Rimoti ile, menyu ile, hakuna nywila, hakuna bando. Nilinunua flashi ya GB 32, nikaipanga kwa mfumo wa FAT32 kwa sababu TV za zamani nyingi hazisomi mwingine. FAT32 haikubali faili linalofika GB 4, na toleo langu la GB 2 lilipita bila kukatwa. Nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka stendi, ikapanda basi la Tanga asubuhi. Saa kumi jioni shangazi alikuwa nayo.

Kwa muda fulani niliona hiyo ni njia ya kushindwa, baada ya kuhangaika na VPN na vyeti na vikoa. Sioni hivyo tena. Seva ndiyo ghala: hapo ndipo mikanda imehifadhiwa, picha zimepangwa kwa miaka, na nakala zinatoka. Namna ya kumfikishia kila ndugu ni swali jingine, na jibu lake linategemea ndugu. Kaka anatumia Jellyfin kwa akaunti yake kamili. Mama mdogo anafungua linki ya picha, yenye nywila ambayo ni jina la paka wa bibi, ambalo watoto wa juzi hawalijui. Wajomba wananitumia ombi kwa WhatsApp nami nawatumia kipande kifupi. Shangazi anapata flashi kila baada ya miezi michache.

Kuna fundo la mwisho ambalo halionekani siku ya kwanza. Ukishawashirikisha watu, unakuwa ofisi. Luku ikiisha saa nne usiku, mpakato una betri yake lakini ruta haina, na simu zinaanza: mbona haifunguki? Nilinunua betri ndogo ya akiba ya ruta kwa ajili hiyo. Ukisafiri, ofisi imesafiri. Na watu wakikuamini wanafuta walichonacho. Binamu yangu alifuta picha za mtoto wake kwenye simu ili kupata nafasi, akiamini kwamba "ziko kwako". Moyo ulinipasuka, kwa sababu wakati huo zilikuwa kwenye diski moja. Immich wenyewe wanawaonya watumiaji wasiitegemee kuwa hifadhi pekee, na kanuni inayotajwa na wengi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Sasa diski ya nje ya nyumba iko kwa kaka mwingine, Morogoro, naibadilisha kila nikienda. Maelekezo ya kufungua kila kitu nikiwa sipo yameandikwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha kawaida, ndani ya bahasha iliyo kwenye kabati la mama pamoja na hati ya kiwanja.

Shangazi alipopata ile flashi ya kwanza alitazama harusi mara mbili siku hiyohiyo. Usiku akapiga simu, na kabla sijamaliza salamu akaanza kunitajia majina. Yule mzee mwenye kofia ya kiua aliyeketi karibu na shehe ni mdogo wake babu, aliyekwenda Mombasa na hakurudi. Mwanamke aliyeshika sinia ni jirani wa Ngamiani aliyemlea baba alipokuwa mgonjwa. Mtoto anayelia nyuma ya maturubai ni binamu yangu, leo ana watoto wanne. Baba na mama walitazama mkanda uleule sebuleni na hawakuwakumbuka nusu ya hao. Niliandika kila jina, na dakika anayoonekana, kwenye maelezo ya video ndani ya seva. Tumefika dakika ya arobaini.

Ule mkanda wa pili ameomba usikae mtandaoni, na amewauliza wenzake walio hai, nao wamesema hivyohivyo. Nimeutoa. Nakala moja iko kwenye flashi ndani ya kabati lake, amefunga kwa ufunguo, na mabinti wa ukoo wakienda Tanga wanatazama wakiwa wamekaa naye.